Kufundisha Somo la Dhoruba na Mafuriko, Darasa la Sita

Shabaha: Mwanafunzi aweze kueleza kwa nini mvua ya dhoruba huleta mafuriko.

Zana: Makopo mawili, udongo, maji, rula.

Tunapendekeza mwalimu aanze na mfano wa hakika. Tarehe 5 Desemba 2015, katika majira ya baridi, dhoruba iitwayo Desmond iliipiga Uingereza kwa mvua na upepo mkali. Huko Honister, milimani Cumbria, ilipimwa mvua ya milimita 341.4 kwa saa 24. Mji wa Carlisle ukafurika.

Hatua ya 1: Wanafunzi wapime kimo hicho ukutani. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Wakokotoe lita zilizoanguka juu ya sakafu ya darasa lao.

Hatua ya 2: Kopo moja litiwe udongo mkavu, la pili udongo ulioshiba maji, yote yamiminiwe maji sawasawa. La pili litafurika kwanza. Ndivyo ilivyokuwa Cumbria, kwani mvua za Novemba zilikwisha kuishibisha ardhi.

Tathmini: Wanafunzi wachore ramani ya njia ya shuleni, waonyeshe mabonde na mahali pa juu pa kukimbilia. Tusiridhike na kukariri tarehe; ramani hiyo yaweza kuokoa maisha.