Usingizi wa mwanafunzi na kipindi cha asubuhi



Ndugu msomaji, wazazi wengi hapa Mang'ula na vijiji vya bonde la Kilombero wanauza mpunga kulipia ada za watoto wao vyuoni. Kijana aliyefaulu vizuri kidato cha sita anakwenda Ifakara, Morogoro au Dar es Salaam, na mwaka wa kwanza haujaisha anarudi na matokeo mabaya. Nyumbani husemwa mengi: mvivu huyu, amepata marafiki wabaya. Wapo hata wanaosema kuwa kuamka Alfajiri ndiko kunakomchosha. Ni wachache wanaomuuliza analala saa ngapi na kipindi chake cha kwanza kinaanza saa ngapi. Leo, insha'Allah, tutalitazama suala hilo.

SAA YA MWILI

Allah (s.w.) ametuambia katika Qur'an kwamba ameufanya usingizi kuwa mapumziko yetu na usiku kuwa kifuniko. Wataalamu wa afya nao wanatueleza kuwa ubongo una saa yake. Giza linapoingia, ubongo hutoa homoni iitwayo melatonini inayouandaa mwili kulala. Kwa kijana aliyebalehe homoni hii hutoka kwa kuchelewa kuliko kwa mtoto mdogo au mtu mzima, na hali hiyo huendelea hadi anapokaribia miaka ya ishirini au kuipita kidogo. Ndiyo maana usingizi humjia kwa kuchelewa na kuamka humwia vigumu.

Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa 8 hadi 10 kwa siku. Aliyevuka umri huo anahitaji saa 7 au zaidi. Wakati wa usingizi ndipo ubongo unapoyapanga na kuyahifadhi yale aliyojifunza mchana. Anayekesha akipiga msuli kisha akalala saa 3 tu ni sawa na mtu anayechota maji kwa ndoo iliyotoboka.

UTAFITI UNASEMAJE

Mwaka 2023 ulichapishwa utafiti wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Singapore uliohusu maelfu ya wanafunzi. Ilionekana kuwa mihadhara ya saa 2 asubuhi ilihudhuriwa pungufu kwa takriban asilimia 10 ikilinganishwa na ile ya baadaye, na waliokuwa na vipindi hivyo walipoteza karibu saa 1 ya usingizi. Waliokuwa na vipindi vya asubuhi siku nyingi zaidi za wiki walikuwa na alama za chini.

Pengine utasema kuwa wanaochagua vipindi vya asubuhi ni tofauti na wengine. Lakini katika chuo cha jeshi la anga cha Marekani wanafunzi hawachagui, hupangiwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kuwa wa mwaka wa kwanza waliopangiwa kipindi kinachoanza kabla ya saa 2 asubuhi walifanya vibaya katika kipindi hicho na hata katika masomo mengine ya siku ile ile. Usingizi uliokosekana usiku hudai siku nzima.

Mji wa Seattle, Marekani, uliposogeza mbele muda wa kuanza shule za sekondari mwaka 2016, kutoka saa 1:50 hadi saa 2:45 asubuhi, wanafunzi walilala zaidi kwa dakika 34 kila usiku, na alama zao zikapanda. Hawakuutumia muda ule kukesha zaidi, kama baadhi ya watu walivyohofia.

JE, ALFAJIRI NDIYO TATIZO?

Hapana. Hebu tupige hesabu. Hapa kwetu Ishaa huingia karibu saa 2 usiku, na Alfajiri karibu saa 11. Kijana akilala saa 3 usiku anaamka akiwa amelala saa 8 kamili, anaswali na kuwahi kipindi chake. Lakini akikaa na simu hadi saa 7 usiku, saa zake za kulala ni 4 tu. Hapo kilichokula usingizi ni simu, lakini lawama zinapelekwa kwenye swala.

Watafiti mjini Riyadh waliwapima watu wachache mwaka 2012. Waliona kwamba anayeamka kuswali Alfajiri kisha akalala tena hakuwa na usingizi zaidi mchana kuliko aliyelala mfululizo, maadamu jumla ya saa ni sawa. Na Mtume (s.a.w.) alichukia mazungumzo baada ya Ishaa, na akamkumbusha sahaba wake kuwa mwili na macho vina haki juu yake. Tungeifuata Sunna hii, nusu ya tatizo ingekwisha.

NYUMBANI NA SHAMBANI

Bonde letu lina mbu wengi. Kijana anayeumwa na mbu usiku kucha halali, na akipata malaria anakosa vipindi wiki nzima. Wakazi wa Kilombero na Ulanga watakumbuka vyandarua vya Zuia Mbu vilivyoanza kuuzwa mwaka 1997. Utafiti uliofuata ulionyesha kuwa vyandarua vile viliongeza uhai wa watoto wadogo kwa asilimia 27. Basi asilale yeyote bila chandarua, iwe nyumbani, hosteli au kwenye dungu la kulindia mpunga.

TUFANYE NINI

1. Simu na runinga zizimwe saa moja kabla ya kulala, na simu isilale kitandani.

2. Chai kali, kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu visinywewe baada ya Alasiri.

3. Mwanafunzi alale na kuamka muda ule ule, hata siku za mapumziko.

4. Apate kailula ya dakika 20 hadi 30 mchana. Ni Sunna, na humwondolea uchovu.

5. Mwenye somo gumu alisome baada ya Alfajiri badala ya kukesha. Mtume (s.a.w.) aliuombea umma wake baraka katika asubuhi zake.

6. Kijana akiwa likizo asipewe zamu ya kulinda shamba usiku mfululizo karibu na mitihani.

Wakuu wa shule na vyuo nao wanao wajibu. Kenya, katika kanuni za elimu ya msingi za mwaka 2015, iliweka saa 2 asubuhi kuwa muda wa kuanza masomo kwa shule za kutwa. Si lazima tuige kila kitu, lakini wazazi tunaweza kuliuliza suala hili kwenye vikao vya shule. Mtoto anayeondoka nyumbani gizani ili awahi kufagia uwanja anafika darasani akiwa amechoka tayari.

Ndugu msomaji, kabla hujamwita mwanao mvivu, mhesabie kwanza saa zake za kulala. Zikiwa pungufu, anzeni hapo.

Wabillahi tawfiq.