SOMO LA HISTORIA: TUJIANDAE VIPI NA MTIHANI WA KIDATO CHA SITA?



 

Ndugu wanafunzi, wengi wenu wa darasa la jioni mko kidato cha tano na cha sita katika skuli mbalimbali, na wengi mmechukua Historia. Wazazi nao huniuliza: "Ustadh, mtoto anakesha na madaftari, mbona alama hazipandi?" Somo hili ni jawabu langu kwao na kwenu.

Nianze na kisa. Binti mmoja aliniletea insha ya majaribio aliyopewa skuli. Swali liliuliza: Kwa nini biashara ya utumwa ilichukua muda mrefu kukomeshwa Afrika ya Mashariki? Aliandika nusu ukurasa tu. Akaniambia, "Ustadh, tarehe nazijua, lakini nikiendelea nahisi nawasema vibaya wazee wetu." Mwenzake alijaza kurasa tatu, zote za kuwalaumu Wazungu. Wote wawili walipata alama ndogo.

Sikuwacheka. Mimi mwenyewe katika mtihani wangu nilimwaga kila nilichokariri, bila ya kujali nimeulizwa nini, na matokeo yakanifundisha. Basi tulichukue swali lile lile tujifunze kwalo.

1. Lisome swali kabla ya kulijibu

Swali halikuuliza utumwa ni nini, wala nani mbaya. Limeuliza kwa nini ulichelewa kukomeshwa. Pigia mstari maneno mawili: "kwa nini" na "muda mrefu". La kwanza linataka sababu. La pili linataka uoneshe huo muda, na hapo ndipo tarehe zinapopata kazi.

Uingereza ilipiga marufuku biashara ya watumwa kwa raia wake mwaka 1807. Hapa kwetu, mkataba wa Moresby wa 1822 ulizuia watumwa kuuzwa kwa Wakristo. Mkataba wa Hamerton wa 1845 ulizuia kuwapeleka Arabuni, lakini biashara ndani ya himaya ya Sultani katika pwani yetu ikaendelea. Tarehe 5 Juni 1873 Sayyid Barghash alitia saini mkataba wa kuzuia usafirishaji wote wa baharini na kufunga masoko, likiwemo la Mkunazini. Utumwa wenyewe ulipoteza nguvu ya kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, na Tanganyika mwaka 1922. Tokea 1822 mpaka 1922 ni miaka mia moja kamili. Utangulizi wako umeshapatikana.

2. Kila hoja iwe na ushahidi wake

Aya moja, hoja moja. Sema sababu, ieleze, itolee ushahidi, kisha irudishe kwenye swali. Kwa mfano:

(a) Mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba yalitegemea kazi ya watumwa. Kuizuia biashara kulikuwa ni kugusa pato la wenye mashamba na la serikali ya Sultani. Kwa hiyo kila mkataba uliacha mlango wazi.

(b) Wanunuzi hawakuwa wa hapa tu. Wafaransa walihitaji watu wa kulima miwa katika kisiwa cha Réunion, na utumwa huko haukufutwa mpaka 1848.

(c) Pwani ni ndefu na meli za doria za Waingereza zilikuwa chache. Majahazi yalipita usiku, na mengine yalipandisha bendera ya Ufaransa ili yasipekuliwe.

(d) Bara, biashara ya watumwa ilifungamana na ya pembe za ndovu. Misafara ilikuwa na mtaji mkubwa, na baadhi ya machifu walipata bunduki na nguo kwa njia hiyo.

(e) Waingereza wenyewe walimhitaji Sultani kama rafiki wa kisiasa, hivyo walimbana kidogo kidogo.

Ukiziangalia hoja hizi utaona hakuna hata moja iliyo tusi. Zote ni sababu.

3. Mpime mpokezi wa habari

Hapa mwanafunzi wa madrasa ana mtaji ambao wenzake hawana. Katika somo la Hadithi tunauliza: nani kapokea, kutoka kwa nani, ni mkweli, alikuwepo? Aya ya 6 ya Suratul Hujuraat inatuamrisha kuichunguza habari kabla ya kuifuata. Ibn Khaldun, katika Muqaddimah aliyoiandika mwaka 1377, aliwalaumu wanahistoria waliopokea idadi kubwa za majeshi bila ya kupima kama zinawezekana.

Fanyeni hivyo hivyo. Ripoti ya balozi mdogo wa Uingereza hapa Unguja ni ushahidi, lakini mwandishi alikuwa na siasa ya nchi yake. Tippu Tip aliandika maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili. Nao ni ushahidi, lakini mfanyabiashara anapojieleza huchagua la kusema. Msitupe hata mmoja. Mpimeni kila mmoja, na muandike kuwa mmempima.

4. Uadilifu

Nilimjibu yule binti hivi: "Mwanangu, mafunzo ya dini yetu ni jambo moja, na vitendo vya Waislamu ni jambo jengine. Qur-an imehimiza kuwaacha huru watumwa, na imekufanya kuwa kafara ya makosa kadhaa. Waliowafunga watu minyororo watajibu kwa yale waliyoyatenda. Mtahini anakuuliza vitendo." Aya ya 135 ya Suratun Nisaai inatutaka tusimamie haki hata ikiwa dhidi ya nafsi zetu, wazazi na jamaa zetu. Anayeficha la wazee wake na anayeficha la Wazungu wamefanya kosa moja.

5. Saa na daftari

Karatasi ni ya saa tatu. Ikitaka insha tano, kila moja ina dakika 36. Tumia dakika 5 kuandika mifupa ya hoja, 28 kuandika, na 3 kusahihisha. Insha ya nne iliyokamilika ina faida kuliko ya kwanza iliyopambwa mpaka ya tano ikakosa muda.

Mtihani ni kwa Kiingereza, lakini fikirini kwanza kwa Kiswahili. Mweleze mama au ndugu yako hoja zako tano wakati wa kuosha vyombo. Akizifahamu, umezifahamu. Akikuuliza "kwa nini?" ukakwama, rudi kitabuni.

ZOEZI: Andika insha ya swali lile kwa dakika 36, bila ya kufungua daftari. Niletee Alkhamisi baada ya Magharibi.

Yule binti aliiandika upya. Mara hii zilikuwa kurasa tatu, na sikuona mstari wa kumuonea mtu.