Kanda Zinazorukwa: Kufufua Nyimbo za Kinanda za Miaka ya 80 Ukianzia Gakoromone

Watu wanaosaka muziki wa zamani nchini Kenya karibu wote wanafuata gitaa. Wanataka benga ya Nyanza, rumba ya Wakongo waliohamia Nairobi, na santuri ndogo zilizouzwa River Road. Wakikuta kanda ya mwaka 1986 ambayo kinanda cha umeme kimechukua nafasi ya gitaa la solo na ngoma zinapigwa na mashine, huirudisha kwenye rundo kabla wimbo wa kwanza haujaisha. Kwa anayeanza leo, hasa anayeanzia Meru, nashauri kinyume chake: ziendee hizo zinazorukwa. Bei yake ingali chini, nyingi zimo majumbani mwa watu, na wanaozihifadhi kwa mpango ni wachache mno. Kuvu ikishazila, hazirudi.

Sauti yenyewe ina umri unaojulikana. Mashine ya ngoma ya Roland TR-808 ilitoka mwaka 1980, kinanda cha Yamaha DX7 mwaka 1983, na vinanda vidogo vya Casio vikaileta sauti hiyo karibu na mfuko wa mwalimu wa kwaya. Uingereza, vyombo vya namna hii viliwainua Depeche Mode, Soft Cell na Tears for Fears. Upande wetu wa dunia vilizaa mambo mengine kabisa. Dur-Dur Band ya Mogadishu ilichanganya sintesaiza na midundo ya Kisomali. Hailu Mergia wa Ethiopia alirekodi kanda mwaka 1985 akiwa Marekani, akiwa na akodioni, sintesaiza na mashine ya ngoma, peke yake. Mombasa, kinanda cha umeme kiliingia kwenye taarabu na kikakaa. Nyimbo hizo za Somalia na Ethiopia zimekwisha kupata watu wa kuziokoa: Brian Shimkovitz wa lebo ya Awesome Tapes From Africa aliiokota kanda ya Mergia katika mji wa Bahir Dar, akaitoa upya mwaka 2013, na Mergia, ambaye wakati huo alikuwa dereva wa teksi Washington, akarudi jukwaani. Fikiria: yote hayo yalianza na kanda moja dukani. Za Kenya bara bado hazijapata bahati hiyo.

Kwa nini Gakoromone, soko la mjini Meru? Si kwa sababu utakuta kibanda kilichoandikwa "santuri". Hili ni soko la ndizi, viazi, maharagwe na mitumba, na ukiingia ukiuliza "nyimbo za zamani" utaonyeshwa flashi yenye nyimbo 500 za MP3. Unakwenda pale kwa ajili ya watu. Wauzaji wanakuja kutoka Imenti, Tigania, Igembe na Tharaka, na wengi wao walikuwa vijana wa miaka 20 wakati kanda ilipokuwa mfalme. Soko kama hili ni orodha ya majina ya nyumba zenye makabati ambayo hayajafunguliwa muda mrefu.

Nenda siku isiyo na msongamano, alasiri, mzigo ukiwa umepungua. Salimia kwanza, "Muuga," na ununue kitu. Kisha usiulize kuhusu kanda. Uliza kuhusu tukio. "Mama, siku ya harusi yenu mliwekewa nyimbo za nani?" "Mzee, ulipokuwa ukiendesha Peugeot ya Nairobi, abiria walikuwa wakiomba kanda ipi mkishapita Chuka?" Swali la namna hiyo humrudisha mtu mahali na wakati, na jina la mwimbaji hufuata lenyewe. Ukiuliza "una kanda za zamani?" jibu ni "hapana" hata kama zipo thelathini chini ya kitanda, kwa kuwa hakuna anayeziona kuwa mali.

Madereva wastaafu ndio hazina kubwa kuliko wote. Matatu na Peugeot za masafa ndizo zilizokuwa redio ya barabara ya Embu hadi Meru, na dereva alinunua kanda kwa kushindana na mwenzake. Baada yao watafute mafundi wa redio. Fundi mzee huwa na kasha la kanda alizokuwa akijaribia mashine za wateja, na nyingine ni zile za watu walioacha redio na kanda ndani yake wasirudi tena. Wa tatu ni walimu wa kwaya. Usiziruke kanda za injili kwa sababu ya jalada lenye msalaba: kwaya iliyopata kinanda cha umeme mwaka 1987 bila mpiga ngoma ililazimika kutumia mdundo wa mashine, na baadhi ya vipande vya kielektroniki vyenye ujasiri mkubwa zaidi vya wakati ule vilirekodiwa kwa ajili ya ibada.

Ukiipata kanda, azima, usinunue. Najua wengi hawataafikiana nami, lakini mwenye kanda akibaki nayo anakuwa mshirika. Atakuitia jirani, atakumbuka jina la mpiga kinanda wiki mbili baadaye. Mrudishie kanda yake ikiwa safi, pamoja na flashi yenye nyimbo hizo ili azisikilize garini au kwenye redio yake. Mtu mmoja aliyetendewa hivyo atakufungulia nyumba tano.

Eneo zilikotoka kanda litakuambia zina ugonjwa gani. Kanda za Meru mjini, Nkubu, Chogoria na Embu zimekaa kwenye unyevu wa mlima, kwa hiyo tazama kwenye dirisha dogo la kanda: ukiona unga mweupe pembezoni mwa utepe, hiyo ni kuvu, na ukiicheza itaenea kwenye mashine hadi kanda nyingine. Zile za Isiolo zimeponea kuvu lakini zimepata joto na vumbi, na ganda lake huwa limejikunja. Isiolo usiiache hata hivyo. Ni mwendo mfupi kutoka Meru, ina familia nyingi za Kisomali, na pale unaweza kukutana na kanda za Mogadishu za miaka ya 80, zile zile ambazo wakusanyaji wa Ulaya wanazitamani.

Sasa kazi ya mikono, nayo usiiharakishe. Kabla ya lolote, tazama vile vijino viwili vya plastiki mgongoni mwa kanda. Vikiwa bado vipo, kanda inaweza kurekodiwa juu yake kwa kubonyeza kitufe kimoja kimakosa. Muombe mwenyewe ruhusa ya kuvivunja. Ukikuta matundu yamezibwa kwa karatasi au selotepu, kuna aliyerekodi kitu kingine juu ya wimbo wa awali, kwa hiyo jalada na sauti huenda havilingani. Sikiliza pande zote mbili hadi mwisho kabisa. Mara nyingi mahubiri huisha dakika ya 40, na wimbo wa zamani unachomoza nyuma yake.

Zungusha utepe kwa kalamu kidogo uone kama umekwama. Kanda iliyokaa miaka bila kuchezwa iendeshe mbele hadi mwisho na uirudishe nyuma mara moja, polepole, ili utepe ukazwe sawasawa. Ile yenye kuvu iweke peke yake kwenye mfuko wa karatasi, mahali pakavu, hadi umpate mtu mwenye mashine asiyoionea huruma. Kanda iliyokatika huungwa kwa utepe maalumu wa kuungia, kamwe si kwa selotepu ya ofisini, kwa sababu gundi yake huvuja na kunasa kwenye mashine. Ganda likiwa na parafujo tano, kufungua ni rahisi. Likiwa limegundishwa, lipasue kwa uangalifu na uhamishie utepe kwenye ganda jingine lenye parafujo.

Mashine nzuri ni deki ya mezani, ile iliyokuwa sehemu ya sistimu ya sebuleni. Redio ndogo ya kubeba mkononi huyumbisha mwendo. Safisha hedi na gurudumu la mpira kwa pamba ya kijiti na alkoholi ya isopropili kutoka duka la vifaa vya umeme; spiriti ya kusafishia vidonda mara nyingi ina mafuta yanayobaki kwenye hedi. Kisha kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Kando ya hedi kuna parafujo ndogo inayoirekebisha pembe yake. Kanda ikisikika kama iko chini ya blanketi, izungushe parafujo hiyo kidogo sana huku ukisikiliza sauti za juu, matoazi na herufi "s" za mwimbaji, hadi zing'ae. Kwa nyimbo za sintesaiza tofauti ni kubwa, kwa kuwa uzuri wake mwingi uko kwenye sauti hizo za juu. Fanya hivyo kwa kila kanda upya.

Toa waya kwenye deki hadi kwenye kadi ndogo ya sauti ya USB, kisha kwenye kompyuta. Programu ya Audacity ni ya bure na inatosha. Rekodi kwa biti 24 na kilohezi 48, weka kiwango kiasi kwamba sauti kubwa kabisa inabaki chini ya desibeli -6, na hifadhi faili kama WAV. Saa moja huchukua takriban jigabaiti 1. Faili hiyo ya kwanza usiiguse tena: usiondoe mvumo, usikate kimya, usipunguze kelele. Marekebisho fanya kwenye nakala.

Na ikiwa kanda ilirekodiwa kutoka redioni, usikate maneno ya mtangazaji hata kidogo. Yanakusaidia kujua tarehe. Ukisikia "Voice of Kenya", uko kabla ya shirika hilo kugeuzwa kuwa KBC mwaka 1989. Tangazo la sabuni, matokeo ya mpira, jina la waziri, vyote ni saa. Sauti ya DX7 nayo inakuambia hujarudi nyuma ya 1983.

Jina la wimbo likikosekana, simu inayotambua nyimbo haitakusaidia sana. Nyingi hazijawahi kuingia kwenye hifadhi zake. Kwa santuri, soma namba iliyochongwa kwenye sehemu laini karibu na lebo, kisha itafute kwenye tovuti ya Discogs. Geuza pia upande wa pili, maana wimbo mrefu wa Kenya ulikatwa vipande viwili, kila kimoja upande wake. Kwa kanda, ondoa karatasi ya jalada na usome ndani: jina la studio, S.L.P., mtunzi. Piga picha pande zote. Baada ya hapo mpelekee mtangazaji wa zamu ya nyimbo za kale Muuga FM au Wimwaro FM ya Embu kipande cha sekunde 30 na umuombe akirushe. Wasikilizaji watabishana, na katika ubishi huo jina litatoka.

Safari ya Nairobi iache mwisho, ukishajua unatafuta nini. Kenyatta Market yuko Jimmy Rugami, ambaye duka lake la santuri linajulikana nchi nzima, na Melodica kwenye Mtaa wa Tom Mboya imeuza muziki tangu miaka ya 70. Kwa utafiti wa kina, Ketebul Music, chini ya Tabu Osusa, wamefanya kazi kubwa ya kurekodi historia ya benga na muziki wa Kikuyu. Nenda na orodha yako ya majina, si na mikono mitupu.

Kuhusu haki, usijidanganye kwamba wimbo uliosahauliwa hauna mwenyewe. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya inalinda rekodi kwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa, na utunzi kwa miaka 50 baada ya mwaka aliofariki mtunzi. Rekodi ya 1985 ina mwenyewe hadi mwisho wa 2035. Kuihifadhi nyumbani kwako ni jambo moja, kuiweka mtandaoni au kuiuza ni jingine. Mtafute mwimbaji au watoto wake, na makubaliano yaandikwe hata kama ni ukurasa mmoja: nani anamiliki, fedha zitagawanywaje, jina litaandikwa vipi. Mfano mzuri uko karibu. Joseph Kamaru, mwimbaji mkubwa wa Kikuyu aliyefariki Oktoba 2018, ana mjukuu mwenye jina lilelile, anayejulikana duniani kama KMRU kwa muziki wake wa kielektroniki. Mjukuu huyo ndiye aliyeanza kuzitoa upya rekodi za babu yake kupitia tovuti ya Bandcamp. Familia ya mpiga kinanda wa Nkubu au Runyenjes inaweza kufanya vivyo hivyo, mradi uwakabidhi faili ya WAV ile ya kwanza, picha za jalada, na majina yote uliyoyakusanya sokoni.