Msamaria Aliahidi Kurudi

SOMO LA WIKI
Soma kwanza: Luka 10:25–37. Kaa zaidi na mstari wa 35.

Jumapili tulihubiri juu ya Msamaria, lakini kuna jambo sikulimaliza pale madhabahuni. Nimeona niliandike.

Mnakumbuka ile kambi ya matibabu tuliyofanya na wageni kutoka ng'ambo. Walikuwa watu wazuri. Walijilipia nauli, wakaacha kazi zao, wakahudumia watu hapa Ngaremara siku tano kwa jua hili letu. Mimi ndiye niliyeshika daftari. Mnajua nilisomea biashara, kwa hivyo napenda hesabu: waliopimwa presha, waliong'olewa meno, waliopewa miwani. Ripoti ilitoka safi.

Ndani ya daftari hilo kulikuwa na mama mmoja wa kwetu, aliyekuwa amekohoa muda mrefu hadi akakonda. (Ameniruhusu niseme haya bila jina lake.) Wageni walimtuma akapimwe makohozi. Akapatikana na kifua kikuu, akaanzishwa dawa za miezi sita. Baada ya miezi miwili kikohozi kilikuwa kimenyamaza na mwili umerudi. Akasimama hapa kanisani akashuhudia. Tukapiga makofi. Mimi mwenyewe nikachukua maikrofoni nikatangaza kwamba ugonjwa umekwisha kabisa. Wageni walikuwa wamesharudi kwao, na kati yetu hakuna aliyemuuliza, "Mama, dawa zimebaki za miezi mingapi?"

Siku moja baadaye nilipita kwake nikamkuta amelala, anakohoa tena. Nikamuuliza aliacha dawa lini. Akaniangalia, akasema, "Pasta, si mlinipigia makofi? Nilijua imeisha."

Wapendwa, neno hilo limeninyima usingizi. Hebu tulipeleke kwenye Andiko.

1. Sisi ndio nyumba ya wageni

Msamaria alikuwa mgeni kwenye barabara ile. Tunapenda kuhubiri alivyofunga majeraha na kumwaga mafuta na divai. Lakini kesho yake aliondoka. Alikuwa na safari yake, na hatuambiwi kwamba alikosea. Angalia alivyoondoka: alimwacha mgonjwa mikononi mwa mtu, akalipa, akaagiza atunzwe, akaahidi kurudi na kumaliza deni lolote litakalozidi.

Wageni wetu walifanya kazi ya mafuta na divai. Bila wao, yule mama pengine hangejua anaumwa nini. Lakini nyumba ya wageni ni sisi, na mwenye nyumba alilala. Mimi nilihesabu walioanza, sikuhesabu waliomaliza. Hata dukani, anayehesabu wanaoingia bila kujua nani aliondoka na kitu mkononi, huyo atafunga duka.

2. Mgeni aliyekaa

Ukishika barabara ya Kulamawe na Modogashe kutoka Isiolo, utafika Wajir. Huko aliishi Annalena Tonelli, aliyezaliwa Forlì, Italia, mwaka 1943. Hakuwa daktari, alisomea sheria. Alifika Kenya mwaka 1969 akiwa mwalimu, na marafiki zake wa Forlì walichanga kumtegemeza.

Wakati huo tiba ya kifua kikuu ilichukua mwaka mzima na zaidi. Sasa mfugaji atalala wodini mwaka mzima, ngamia wachungwe na nani? Akipata nafuu kidogo, anafuata mifugo. Mwaka 1976 Annalena akaanza kusimamia mradi wa Shirika la Afya Duniani wa kutibu wahamaji kwa dawa za miezi sita. Wagonjwa wakakaa katika vibanda vya kienyeji, kama wanavyokaa kwao, mahali palipoitwa TB Manyatta. Kila mmoja alimeza dawa mbele ya mtu anayemwona, mpaka tiba iishe, ndipo akarudi kwa mifugo yake. Miaka ya 1990 Shirika hilo likahimiza nchi nyingi kutumia njia hiyo ya kumeza dawa mbele ya shahidi.

Baada ya mauaji ya Wagalla ya Februari 1984, aliwahudumia majeruhi na kusaidia ukweli ujulikane, na ikabidi aondoke Kenya. Akaenda Somalia kuendelea na kazi ile ile. Mwaka 2003 Umoja wa Mataifa ulimpa tuzo ya Nansen. Tarehe 5 Oktoba mwaka huo huo alipigwa risasi akafa huko Borama, mahali alipokuwa akitibu watu.

Alikuwa Mkatoliki, akiishi kati ya Waislamu. Mtu asiniulize kwa nini nimemleta katika somo letu. Yesu alipoulizwa jirani ni nani, hakuchagua mfano kutoka kwa watu wa yule aliyeuliza.

Si kila mgeni anaweza kukaa miaka yote hiyo. Lakini sisi hatuna visa ya kuisha. Tuko hapa.

3. Kumaliza dawa si kukosa imani

Dawa za kifua kikuu huua vijidudu vingi mapema, ndiyo maana mtu hupata nafuu haraka. Lakini vingine hubaki vimejificha. Ukiacha katikati, hivyo huamka, na vinaweza kuwa sugu kwa dawa. Hapo tiba inakuwa ngumu zaidi.

Soma Luka 17:11–19. Yesu aliwatuma wale wakoma kumi wakajionyeshe kwa makuhani, ambao ndio waliokuwa na kazi ya kukagua. Hakuogopa kipimo. Basi nasi tutaombea wagonjwa, tena kwa nguvu. Ushuhuda tutaupokea. Ila hakuna mtu atakayeacha dawa kwa sababu ya makofi yetu; atakayesema imekwisha ni kliniki.

4. Tufanye nini

Natafuta watu wawili wawili wa kujitolea kwa kila mgonjwa anayekubali: kumwona akimeza dawa, kumsindikiza siku ya kliniki, kumtafuta akihama na mbuzi. Tutafanya kazi pamoja na wahudumu wa afya ya jamii. Siri ya mgonjwa ni siri. Na kama wewe mwenyewe umekohoa wiki mbili au zaidi, unatoka jasho usiku au unakonda, nenda upimwe. Dawa za kifua kikuu katika hospitali za serikali ni bure.

Yule mama alipimwa tena, na kwa neema ya Mungu dawa bado zinamfaa. Ameanza upya. Jirani yake humwona kila asubuhi akimeza. Sasa yuko mwezi wa tatu. Makofi tumeyaweka hadi wa sita.

MASWALI YA USHIRIKA WA NYUMBANI
1. Msamaria alimwachia mwenye nyumba vitu gani? Sisi tumeachiwa nini?
2. Ni nani tulimpigia makofi kisha hatukurudi kumwona?
3. Wageni wakija tena, tuwaulize nini kabla hawajafungua hema?

OMBI
Bwana, tusamehe kwa kazi tulizoziacha katikati. Tupe miguu ya kurudi. Amina.