Motokaa Ikataapo Kuwaka

Asubuhi za baridi katika Eldoret, mji ulio juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, dereva wa motokaa ya otomatiki aweza kuzungusha ufunguo asisikie hata mlio mmoja. Betri ndiyo hushtakiwa kwanza, na pengine kwa haki, maana baridi huipunguzia nguvu. Lakini ikiwa taa za mbele zawaka sana, wala hazififii ufunguo uzungushwapo, yafaa kutazama swichi ya kuzuia starta.

Kazi ya swichi hii ni kuruhusu starta izunguke wakati mkono wa gea uko kwenye herufi P, ya kuegesha, au N, ambapo motokaa haimo katika gea yo yote. Mkono ukiwa kwenye R au D, huizuia, ili motokaa isiruke nyuma au mbele mara injini iwakapo. Huko Marekani kizuizi hiki kililazimishwa kwa motokaa mpya za otomatiki tangu tarehe 1 Januari 1968.

Katika motokaa nyingi za Kijapani, swichi imefungwa ubavuni mwa giaboksi. Atafutaye na afuate kebo itokayo kwenye mkono wa gea mpaka mwisho wake. Hapo ataona swichi imevikwa kwenye mhimili mdogo, imeshikwa kwa bolti, na fungu la waya limechomekwa. Mahali hapo hupatwa na tope na maji, basi si ajabu kutu kuingia.

Jaribio la kwanza halihitaji spana. Breki ya mkono ivutwe, breki ya mguu ikanyagwe sana, kisha mkono wa gea utolewe P uwekwe N, na ufunguo uzungushwe. Injini ikiwaka katika N, nayo ilikataa katika P, yamkini swichi imesogea mahali pake au kebo imelegea. Taa za kurudi nyuma nazo hutoa ushahidi, kwa kuwa katika motokaa nyingi huwashwa na swichi hiyo hiyo. Pakiwa kimya katika P na N, fyuzi, rilei na waya za starta zipimwe kabla ya kununua swichi mpya. Wengi wamepoteza fedha kwa haraka.

Swichi iliyosogea hurekebishwa. Magurudumu yawekewe mawe, injini izimwe, mkono uwe katika N. Bolti zilegezwe, swichi izungushwe taratibu mpaka alama zake zilingane, kisha zikazwe.

Wako mafundi wanaounganisha waya mbili na kuiacha swichi nje ya kazi. Motokaa huwaka mara moja, na mwenyewe hufurahi kwa kuwa amelipa kidogo. Lakini tangu siku hiyo motokaa yaweza kuwashwa ikiwa katika gea, na mtoto achezeaye ufunguo uani aweza kumgonga mama yake aliye mbele ya gari. Hiyo si matengenezo.

Kazi iishapo, pasiwe na mtu mbele wala nyuma. Breki zote mbili zikiwa zimeshika, ufunguo ujaribiwe katika kila herufi. Starta izunguke katika P na N tu. Ikizunguka katika R au D, motokaa irudishwe kwa fundi siku ile ile.