DONDOO MUHIMU: Gari la kuvutia lisilokula mafuta

Kabla ya kupenda rangi na rimu, mnunuzi aangalie kwanza barabara atakazopita. Toyota Aqua, haibridi ya lita 1.5 iliyozinduliwa Japani Desemba 2011, ilitangazwa kwenda hadi kilomita 35.4 kwa lita moja. Namba hiyo ilitoka maabara, kwa kipimo cha JC08. Barabarani, hata kuvuka 20 ni sifa.

Kipimo kilichofuata, WLTC, kinasema ukweli zaidi kwa kutenganisha mjini, pembezoni na barabara kuu. Anayeshinda kwenye foleni za Mombasa Road jijini Nairobi au Barabara ya Mandela jijini Dar es Salaam asome namba ya mjini. Hapo ndipo haibridi inapolipa, maana mota ya umeme husukuma gari injini ikiwa imezima. Kwa anayesafiri zaidi mikoani, Mazda Demio ya petroli haiachwi mbali, na kwa sura inaipita Aqua.

Aqua iko chini, kama sentimita 14 tu kutoka ardhini. Matuta ya mtaani hayalihurumii bampa. Betri yake kuu, iliyo chini ya kiti cha nyuma, hupozwa kwa hewa, kwa hiyo tundu la hewa lisizibwe na mizigo wala vumbi. Fundi aipime kwa mashine kabla pesa hazijatoka.

Anayeagiza kutoka nje aangalie pia umri wa gari: Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye zaidi ya miaka 8.

Gari likishapatikana, mmiliki ajaze tangi, atembee wiki moja, ajaze tena, kisha agawanye kilomita kwa lita alizoongeza.