Binti wa Nyumbani kwa Naamani na Wauguzi Wetu wa Saudia

Somo la wiki hii linatoka 2 Wafalme 5:1–19. Tunaomba ulisome kwanza nyumbani, kwa sauti kama una watoto, kisha urudi hapa.

Tumeliandika kwa ajili ya binti yetu mmoja wa usharika, muuguzi, aliyepata mkataba wa miaka miwili Riyadh na anaondoka mwezi ujao. Jumapili iliyopita alitufuata sisi wanne tuliofanya kazi Saudia kabla ya kuhamia huku, akatuuliza: "Mama zangu, nikikaa kimya kule, si nitakuwa nimemkana Kristo?" Wakati huohuo wapo wapendwa, kwa nia njema kabisa, waliopendekeza tumwekee mikono kama mmisionari, tumchangie nauli, na tumfungashie vijitabu vya Kiarabu katikati ya nguo. Hilo la vijitabu tumelijibu haraka: hapana. Swali lake ndilo somo.

Tuanze na ile hapana. Saudi Arabia haina jengo la kanisa hata moja. Ibada ya hadhara isiyo ya Kiislamu hairuhusiwi, na kumhubiria Mwislamu kunaweza kukufikisha gerezani kisha kwenye ndege ya kurudi kwenu. Lakini hata sheria ingeruhusu, bado tungesema hapana. Mgonjwa mwenye dripu mkononi hawezi kuinuka akaondoka. Anakutegemea umpe maji, umgeuze, umpeleke msalani. Ukimwekea kijitabu chini ya mto atakipokea, kwa sababu anakuhitaji. Muuguzi ana nguvu kubwa kando ya kitanda, hata awe mgeni asiyejua njia ya kwenda sokoni. Tena mtu aliyesaini mkataba wa kuuguza huku ameficha kazi nyingine moyoni, ameanza kwa uongo kabla hajavaa sare.

Sasa twende nyumbani kwa Naamani, jemadari wa Shamu, mtu mkubwa mwenye ukoma. Humo yumo binti mdogo ambaye Biblia haimtaji jina. Wengi wetu tulifundishwa shule ya Jumapili kwamba yeye ni mfano mzuri wa kushuhudia, na tukaruka jinsi alivyofika pale. Soma mstari wa 2 polepole. Alitekwa na vikosi vya Shamu, akatolewa kwao, akafanywa mtumishi wa mke wa jemadari. Alikuwa na kila sababu ya kunyamaza na kumwacha mzee aoze na ukoma wake. Yeye akamtakia uzima. Alimwambia bibi yake maneno machache tu, kwamba Samaria yuko nabii awezaye kumponya, na baada ya hapo hatumsikii tena.

Neno lake lilifika mpaka kwa mfalme. Kwa nini waliliamini, mwandishi hasemi. Sisi tuliofanya kazi katika nyumba na wodi za watu tunadhani tunajua: walikuwa wamemwona. Walimwona asubuhi na jioni, siku njema na siku mbaya. Neno la mtumishi mzembe halitoki jikoni.

Riyadh ni mji wa nyanda kame, karibu mita 600 juu ya usawa wa bahari, na kiangazi joto hupita nyuzi 45. Muuguzi mgeni haoni mengi ya mji huo. Anaona basi la alfajiri kutoka hosteli, wodi kwa saa 12, na basi la kurudi. Wagonjwa watakuita "sista", wakimaanisha muuguzi, si mtawa. Kiarabu kitakutisha wiki ya kwanza, kisha utagundua kwamba bibi yako alikufundisha nusu ya kamusi bila kujua: damu, dawa, roho, homa, sukari, maiti. Angalia tu neno ajali. Kwetu ni gari kupinduka. Kwao ni saa ya mtu ya kufa iliyokwisha kupangwa. Mmoja wetu alijaribu kumweleza mke wa mgonjwa kwamba mumewe amepata "ajali" ndogo, na mama wa watu akaanguka sakafuni.

Kisukari ni kingi sana kule, na pamoja nacho vidonda vya miguu. Tulimuuguza mzee mmoja wa jangwani ambaye mguu wake ulikuwa umeoza kisigino. Kila asubuhi tulifungua bandeji, tukaosha kwa maji ya chumvi, tukaondoa nyama iliyokufa, tukafunga upya. Harufu ile, aliyewahi kuinusa haisahau. Mzee alikuwa akigeuzia uso ukutani, hasemi kitu. Zilipita wiki mbili hivi. Siku moja akamwagiza mwanawe alete tende na birika la kahawa, akatuuliza: "Wengine huziba pua. Ninyi mbona hamzibi?" Kwa Kiarabu chetu cha kuokoteza tukamwambia kwamba Nabii Isa aliwagusa wenye ukoma, na sisi ni watu wake. Mzee akasema hilo la Isa kuwaponya wenye ukoma analijua, limo ndani ya Qur'ani. Kisha akatumiminia kahawa. Mazungumzo yakaishia hapo.

Tunakisimulia kisa hiki kwa sababu ndicho kilicho karibu zaidi na jibu letu kwa binti yetu. Hatukumkana Kristo siku zile tuliponyamaza, wala hatukuwa mashujaa siku ile tuliyosema. Aliuliza, tukajibu kweli. Kama asingeuliza kamwe, kisigino chake kingekuwa kimeoshwa vilevile.

Hata wamisionari wa zamani walilijua hili kuliko tunavyodhani. Arabian Mission, iliyoanzishwa na Wamarekani mwaka 1889, haikuwa na kituo Riyadh. Daktari wao Paul Harrison, aliyekuwa Bahrain, alifika Riyadh mwaka 1917 kwa sababu Abdulaziz ibn Saud mwenyewe alimwita aje kutibu watu. Akatibu, kisha akarudi alikotoka. Naye alikuwa mmisionari asiyeficha, kila mtu alijua ni nani. Mlango ulifunguliwa na mwenye nyumba.

Jeddah ni habari nyingine. Iko kama kilomita 950 kutoka Riyadh, pwani ya Bahari ya Shamu, na mtu wa Mombasa au Dar es Salaam akishuka pale ngozi yake inatambua jasho hilo. Mmoja wetu alikuwa Jeddah mwaka 2014, kitengo cha dharura. Miaka miwili kabla, katika mji huohuo, Dkt. Ali Mohamed Zaki, Mmisri, alikuwa ametambua kirusi kipya katika sampuli ya mgonjwa aliyekufa kwa ugonjwa wa mapafu. Ndicho baadaye kilichoitwa MERS. Aprili 2014 kilienea katika hospitali za Jeddah, na wauguzi na madaktari wakawa miongoni mwa walioambukizwa. Katika hospitali aliyokuwapo dada yetu, ambayo hatuitaji, barakoa za aina inayotakiwa ziliisha kwa siku kadhaa. Watu hupenda kumsikia akisema alibaki kwa imani. Yeye mwenyewe husema alibaki kwa sababu pasipoti yake ilikuwa imefungiwa ofisini kwa mwajiri na hakuwa na nauli. Imani, anasema, ilikuwa kumlisha uji mgonjwa wa kitanda cha nne bila kuharakisha kijiko.

Jeddah pia ndilo lango la mahujaji. Msimu mmoja aliletwa bibi wa Pemba, amevunjika nyonga, na wodi nzima hakuna anayemwelewa. Walidhani amechanganyikiwa. Tulipokaribia tukamsikia akinung'unika Kiswahili, kuwa tangu asubuhi anaomba maji.

"Shikamoo, bibi."

Akanyamaza. Akatutazama. "Marahaba, mwanangu. Weye watoka wapi?"

"Moshi, bibi."

"Moshi. Basi weye Mkristo."

"Ndiyo, bibi."

Akacheka, mara ya kwanza tangu aletwe, akasema Mungu ana mambo: amemvusha bahari mpaka nchi ya Mtume, kisha amemletea mtoto wa Kichaga kumpa maji. Alikuwa anahangaika kwamba hawezi kutawadha na saa ya sala inapita. Tukazungumza na muuguzi mwenzetu Mwislamu, Msudani, akatafuta jiwe safi ili bibi atayamamu palepale kitandani. Sisi tulimshika mkono usitetemeke. Kuna ndugu aliyetuuliza baadaye kama kumsaidia mtu kusali sala isiyo yetu si dhambi.

Swali hilo ni zito na hatulipuuzi. Ndiyo maana tumeomba msome mpaka mstari wa 19. Naamani amepona, amemkiri Mungu wa Israeli, anaomba hata udongo wa nchi ile upakiwe juu ya nyumbu wawili aende nao kwao. Lakini kuna jambo linamsumbua. Bwana wake mfalme ni mtu wa kuegemea mkono wake anapoingia hekalu la Rimoni kuabudu. Mfalme akiinama, yeye naye atainama. Je, atasamehewa? Elisha hamhutubii. Anamwambia aende kwa amani.

Hatusemi mambo haya mawili yanalingana sawasawa. Hatukuinama popote, na jirani zetu Waislamu si watu wa Rimoni. Lakini mkono wa kuegemewa tunaujua. Kule Riyadh mzee mwingine alikuwa anakata roho karibu na alfajiri, na wanawe walikuwa bado njiani. Tulijua angetaka nini. Tukamlaza ubavu wa kulia, uso kuelekea kibla, tukamwita kijana msafishaji kutoka Bangladesh, akaweka ufagio kando, akainama, akamtamkia shahada sikioni. Sisi tulisimama upande wa pili tumemshika mkono, na ndani ya mioyo yetu tukamkabidhi kwa Bwana tunayemjua. Wana walipofika waliuliza kitu kimoja tu: je, alielekezwa kibla? Tukaweza kusema ndiyo. Kama binti yetu hawezi kufanya hivyo kwa moyo safi, ni afadhali asiende, na hatutamlaumu.

Kuna kundi jingine atakalokutana nalo ambalo linamfanana binti wa Naamani zaidi kuliko sisi wauguzi. Ni dada zetu wa Kenya na Uganda wanaofanya kazi za ndani, wenyewe hujiita makadama. Muuguzi ana leseni, ana wenzake, ana hosteli. Kadama yuko peke yake ndani ya geti. Tulimpokea mmoja aliyeungua mkono kwa mafuta ya kukaangia. Bibi wa nyumba ndiye aliyekuwa akijibu maswali yote ya daktari. Tulipomsemesha binti Kiswahili, alilia kwanza. Kisha tukajua kwamba kidonda kilikuwa cha siku nne, hana simu, na mshahara hajauona miezi mitano. Tulitafsiri kila neno kwa daktari kama lilivyosemwa, bila kuongeza wala kupunguza. Tukamwita ofisa wa ustawi wa jamii wa hospitali, na tukampa binti namba ya ubalozi wao Riyadh aikariri, maana karatasi ingechukuliwa. Hatujui alifikia wapi. Tukifika mstari wa 2 huwa tunamwona yeye.

Kuhusu ushirika, binti yetu ajue kwamba Jumapili yake itakuwa Ijumaa. Tangu 2013 mapumziko ya juma kule ni Ijumaa na Jumamosi, na Jumapili ni siku ya kazi kama Jumatatu yetu. Kusali faraghani nyumbani kwa kawaida huachwa, ila kukusanya watu wengi kuna hatari, na hatutaandika hapa nani alikutana na nani. Itoshe kusema kwamba tulijifunza kuimba kwa sauti ya kunyonyeshea mtoto. Mwezi wa Ramadhani asile wala kunywa mbele za watu mchana. Sisi tulikula kwenye chumba kilichofungwa mlango, na hatukupungukiwa kitu.

La mwisho ni Gehazi, aliyekimbia nyuma ya gari la Naamani kudai fedha na mavazi kwa kitu alichotoa Elisha bure. Mmoja wetu alikutana naye Nairobi amevaa tai, anajiita wakala, akamdai malipo ya "kuharakisha" karatasi ambazo baadaye ilibidi azifuatilie mwenyewe. Vyeti huhakikiwa kwa utaratibu rasmi na mtihani huwa chini ya Tume ya Saudia ya Taaluma za Afya. Hakuna njia ya mkato ya kununua. Ukiona mtu anakuuzia, mkimbie.

Kwa jumuiya za Jumatano: someni sura yote ya 5, pamoja na habari ya Gehazi. Jadilini kwa nini Elisha hakumpa Naamani masharti kuhusu Rimoni, na kama ninyi mngempa. Wenye wagonjwa nyumbani waseme ni nani aliwahi kuwauguza asiye wa imani yetu, na ilikuwaje.

Binti yetu tutamwombea Jumapili ya mwisho wa mwezi, baada ya matangazo. Atasimama mbele kama muuguzi anayesafiri kikazi, na tutamwombea kama tunavyowaombea madereva wetu wa malori. Umoja wa Wanawake wamesema chai na maandazi ni juu yao.